Taa ya Chumba Chako Bado Haijawashwa

Yanahuara, Arequipa
12 Mei 1999

Mpendwa dada Nélida,

Kwanza niambie, magoti yako vipi? Na bibi unayemtunza, bado anakutupia kijiko akikataa supu? Sisi huku wazima. Mume wangu Teófilo anakohoa na kukana kwamba anakohoa. Mlima Misti umeshavaa theluji, na mimi nimeshavaa soksi mbili.

Sasa tafuta kiti ukae. Si habari ya msiba, ingawa ilikuja na maua ya msiba.

Unakumbuka nilikwambia kwenye simu kwamba mwanao Wilber ameingia Estudiantina ya chuo chake, wale vijana waimbaji wa majoho meusi, magitaa na matari. Mwaka mzima amekuwa mwanagenzi wao: anawabebea ala wakubwa, anatumwa mikate, na wamempa jina la utani, Njugu. Wakimwita Njugu anaitika mbio kuliko nikimwita mimi aje kuosha sahani. Nimefurahi sana, dada. Yule mtoto aliyekuwa anakula kimya na kupanda chumbani, sasa anaimba mpaka bafuni.

Wana desturi yao moja hawaivunji. Mwanagenzi havai mshipi mwekundu wa kifuani mpaka awapeleke wenzake chini ya dirisha la mama yake, Siku ya Mama, wamwimbie. Mama akiwasha taa, amewapokea wote kuwa wanawe. Asipowasha, mshipi unarudi sandukuni. Kwa aliyefiwa na mama, wanaenda makaburini asubuhi, na mshumaa unashika nafasi ya taa.

Basi Jumapili asubuhi nimeinamia chungu cha mchuzi wa adobo, nikasikia hodi. Kufungua, naona kundi zima la majoho, nyuso zimekunjamana, na mkubwa wao, wanayemwita Paka Shume, amekumbatia shada la maua meupe.

“Shikamoo, mama. Pole sana.”

“Marahaba. Pole ya nini? Nani kafa?”

Akaangalia viatu vyake. “Tumekuja kumchukua Njugu twende kwa marehemu mama yake. Ila hatujui kalazwa upande gani. Kila tukimwuliza, anageuza maneno.”

“Marehemu? Dada yangu yuko Milano anapiga pasi mashuka! Marehemu mwenyewe!”

Mmoja nyuma akaangua kicheko, akala kiwiko cha mbavu. Paka Shume wa watu akaninyooshea shada. “Sasa haya maua, mama?”

“Lete, nitayatia kwenye jagi. Na ingieni ndani mle, msinisimamie mlangoni kama wachukua jeneza.”

Wilber alikuwa ngazini, amesikia yote. Nilimwendea na mwiko mkononi. Nikamwuliza amemzika lini mama yake, mbona mimi sikualikwa matangani. Kwanza alishuka ngazi mpaka chini. Halafu akasema, mbele ya wenzake wote:

“Mama mdogo, ukisema mama yako yuko Ulaya, watu wanakuuliza anarudi lini. Tangu niko darasa la nne najibu mwakani, mwakani. Nimechoka. Aliyekufa haulizwi anarudi lini.”

Dada, mwiko ulishuka wenyewe. Lia kama unataka kulia, kisha endelea kusoma.

Nilijua watamfukuza, maana kumzika mama aliye hai ni uongo mzito kwa watu wenye desturi kama hiyo. Paka Shume aliuchovya mkate wake kwenye mchuzi wangu, akatafuna taratibu, akameza.

“Njugu, we mjinga sana,” akamwambia. “Mwenye mama hai anaimbiwa dirishani. Haya, sema, chumba chake ni kipi?”

Wilber akanyoosha kidole juu. Hakukosea, ingawa hajaingia chumba chako miaka mingi.

Giza lilipoanza kuingia wakarudi na ala zao. Majirani walitoka, Hermelinda na kigoda chake mbele ya wote kama kawaida yake. Mimi nilikuwa juu, chumbani kwako, mkono uko kwenye swichi. Nimemlea tangu ana miaka tisa, nimemkesha kwenye surua, nani angenilaumu? Waliimba vizuri, nisiseme uongo. Wilber alipiga mandolini ameinamisha kichwa, mpaka ubeti wa mwisho akainua uso kuangalia dirisha. Nikauona uso ule kupitia pazia. Hakuwa ananitafuta mimi. Iliniuma, sitakuficha, na nikautoa mkono wangu kwenye swichi.

Wimbo ukaisha, wakasubiri. Dirisha likabaki giza. Hakuna aliyecheka, hata Hermelinda. Paka Shume akaukunja ule mshipi mwekundu, akautia mfukoni badala ya sandukuni, akamwambia Wilber kwamba haujakataliwa, unangoja tu. Watarudi kuimba Agosti, sikukuu ya mji.

Wilber alichukua mandolini yake akapanda kulala. Lakini jana nilikuwa naanika nguo, akaja akashika ncha ya shuka, akaniuliza kama ndege ya kutoka Milano inatua Lima au inakuja moja kwa moja mpaka hapa. Nikamwambia amwulize mwenye safari. Akasema, “Andika wewe kwanza, Mama mdogo.” Ndiyo hii naandika.

Mwezi wa pili uliniambia karatasi zako za ukaazi zimetoka, sasa unaweza kusafiri na kurudi bila hofu. Tangu hapo umenyamaza, na najua sababu. Mtoto hajibu barua zako, na ulisema huwezi kuvuka bahari kuja kugonga mlango wa asiyekutaka. Dada yangu mpenzi, mlango hutaugonga wewe. Wewe utakuwa ndani. Yeye ndiye atakayesimama nje akingoja.

Teófilo anakusalimu, na Hermelinda anasema bado anakumbuka ulivyokuwa ukicheka. Shangazi Casilda amekuombea kwa Bikira Maria wa Chapi, amepanda mpaka huko kwa miguu, na umri wake ule. Mungu akutangulie njiani, akulinde na baridi ya watu, na akulegezee hayo magoti upande ngazi zetu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia,

Eudocia

Nimesahau: glopu ya chumbani kwako nimeibadilisha leo asubuhi. Sijaijaribu. Swichi iko palepale, kushoto ukiingia.