Shukrani Kabla ya Kupona

4 Machi

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unaonisumbua. Natumaini nawe hujambo huko karakana.

Jumapili ijayo tuna ibada ya kumkumbuka mama yako, na nimeombwa niongoze sala. Nimeshaiandika, kurasa mbili, inaanza na shukrani kama ilivyo kawaida ya nyumba yetu. Njoo usimame nami. Na mbona simu hushiki?

Ni mimi, baba yako.

9 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, macho tu yananiwasha kwa kuchomelea vyuma kutwa.

Siji. Simu sishiki kwa sababu nikisikia sauti yako nitakutukana, na hukunilea hivyo.

Shukrani! Hizo shukrani ndizo zilizomuua mama. Ulisimama mbele ya kanisa zima ukamshukuru Mungu kwamba amepona, watu wakapiga makofi, naye amekaa benchi la pili anahema. Wiki ile ile alikuwa na siku yake ya kliniki. Ukamzuia. Ulisema akienda kuchukua dawa tutakuwa tumemfanya Mungu mwongo. Baba, Mungu hakuwa amesema chochote! Mwongo ulikuwa wewe.

Zichane hizo kurasa. Mwambie Mungu neno moja la kweli, ndipo uniandikie.

Mwanao.

17 Machi

Binti,

Salamu. Mimi mzima.

Umenivunjia heshima. Mimi ni baba yako, na ni mzee wa kanisa. Sala nimeisoma, watu wamelia, mchungaji amenipongeza. Nitakuombea ulainike moyo.

Baba.

2 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Nilitaka kuandika kwamba nami sijambo. Si kweli.

Tangu barua ile sijaweza kusali. Napiga magoti, nikianza kushukuru nainuka, natoka nje. Jumanne nilikuwa napiga randa mlango wa mteja, nikashtukia nimeitupa randa ukutani. Nikapiga kelele mpaka majirani wakachungulia. "Umeniaibisha! Nilikushukuru mbele za watu, ukaniacha!" Mzee wa kanisa mzima, namfokea Mungu.

Hasira ilipoisha pumzi likabaki jambo ambalo hulijui. Mama yako aliniambia, "Kifua kinabana, nipeleke." Nikamjibu tuzidi kushukuru. Niliogopa kuchekwa.

Nikangoja Mungu anipige. Hakunipiga. Sikuwa na kitu cha kumpa, hata shukrani, na hapo hapo nikajisikia nimepokewa. Sistahili, najua. Jumapili nimewaambia watu ukweli wote na uzee wa kanisa nimeuacha. Wengine walitoka nje.

Ulisema kweli, mwanangu.

Baba yako.

10 Juni

Baba,

Shikamoo. Hali yako siulizi.

Alikuomba umpeleke! Nimepiga meza ya chuma mpaka mkono umevimba. Nimemwambia Mungu kwamba kama amekupokea wewe, mimi sitaki kukaa naye chumba kimoja. Sikusema hata amina. Kila asubuhi kabla ya kazi narudi kumwambia vile vile, na kila asubuhi ananisikiliza mpaka mwisho. Inaniudhi vibaya sana.

Sijakusamehe. Nimemwambia msamaha huo mimi sina, kama anautaka autoe kwake.

Nakuja Jumamosi, basi la asubuhi. Utanisimulia siku ile mama aliyokuomba, yote, tangu alipoamka, na usinifiche kitu.

Mwanao.