Mtoto Niliyemwona Kwenye Kioo

Mke wangu mdogo Mwajuma,

Huku Makutupora hatujambo, isipokuwa zabibu zimeliwa na ndege kabla sijazionja. Bibi yako, mke mwenzio, anakusalimu.

Umeniuliza niliionaje mara ya kwanza hiyo mashine ya picha za tumboni unayosomea. Niliiona vibaya.

Hospitali za watu binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zinafunguliwa mjini. Bibi yako alikuwa ameacha kuona siku zake kitambo, mara damu ikarudi. Wenzake wakapiga vigelegele: "Ujana umerudi!" Nami nikatembea kifua mbele, kana kwamba ni kazi yangu. Damu ilipokataa kukatika, nikampeleka.

Daktari akampaka mafuta baridi tumboni, akapitisha kidude chake. Kwenye kioo cha mashine nikaona donge limejikunja. Nikapiga makofi.

"Daktari, dume au jike?"

Hakucheka. "Mzee, huyu si mtoto. Ni uvimbe ndani ya kizazi."

Mikono ikaniganda hewani. Bibi yako ndiye aliyenishika mkono, na mgonjwa ni yeye!

Kipimo cha nyama ya huo uvimbe kikasema saratani. Akatolewa kizazi, kisha akachomwa mionzi Dar es Salaam. Mengine ni yake mwenyewe kukusimulia. Leo ananifokea, basi mzima.

Siku moja, Mwajuma, atakuja kwenye mashine yako mzee mjinga anatabasamu, akuulize dume au jike. Mpe kiti kwanza.

Mumeo asiye na meno,
Babu