Sweta ya Rose

Mama yangu Mwalimu,

Kabla hujafunga sanduku, keti kwanza. Vaa miwani. Baada ya wiki tatu nitakupokea uwanja wa ndege hapa London, na najua, ukishamaliza kuniambia nimekonda, swali la pili litakuwa: “Na Rose yuko wapi, nimshukuru?” Ndiyo maana ninaandika. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, na mimi ningeona haya nikaanza kukuuliza habari za kuku.

Mama, Rose hajawahi kusafiri na mimi. Hata mara moja. Lisbon, Vienna, Roma, Copenhagen, kote huko nilikwenda peke yangu.

Haya, nimesema. Kunywa maji.

Wewe ulinilea kwa swali moja. Nikitaka kutoka, hata kama ni kwenda tu Voi mjini kununua daftari, ulisimama mlangoni: “Unaenda kwa nani? Na nani?” Unakumbuka likizo ile uliponipandisha treni niende kwa Shangazi Mombasa? Ulibana karatasi yenye jina lake ndani ya gauni langu kwa pini, ukanikabidhi kwa mama mmoja usiyemjua ambaye ulimhoji mpaka akataja mchungaji wake, ukanipa mayai ya kuchemsha na pakiti ya majani ya chai. “Hubishi hodi kwa watu mikono mitupu,” ukaniambia. Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona waziri.

Basi Rose yupo, usidhani nimemzua. Tulikuwa tukifanya kazi pamoja kwenye makao ya wazee hapa Woolwich. Nilipopata pasipoti ya huku, yeye ndiye aliyesema, “Wakesho, twende Lisbon, tuone na sisi watu wanaendaga kufanya nini.” Nikakupigia kwa furaha, ukamwombea hapo hapo kwenye simu. Siku mbili kabla ya safari, mtoto wake akapata tetekuwanga. Ningekuambia naenda peke yangu ungefunga siku tatu, na presha yako ingepanda niisikie hadi huku. Kwa hiyo ulipouliza, nikajibu, “Rose yuko hapa, anapanga nguo.” Uongo ulitoka laini, nikashangaa mwenyewe.

Ulikuwa umetuma majani ya chai kwa mtu aliyekuwa akija huku, ya kuwapelekea wenyeji wetu wa Lisbon. Wenyeji gani, Mama? Ilikuwa hoteli! Lakini ningeyatupa wapi? Nilifika mapokezi, nikamkabidhi yule mama wa pale ile pakiti kwa mikono miwili, na kagoti nikakunja kidogo. Akaiangalia, akaniangalia, akaingia nayo jikoni. Baada ya muda akarudi na birika na kikombe kimoja, kumbe anadhani nimeomba nichemshiwe. Nikacheka mpaka nikashika kaunta. Nikaomba kikombe cha pili, nikavuta kiti, nikamwambia keti. Akaketi kweli. Alikunywa viwili na kuniambia chai yetu ina nguvu, na asubuhi yake akaniwekea mkate mtamu uliofungwa kwa karatasi, wa njiani.

Mama, sikujua kuna raha ya kutoitwa. Kazini naitwa kutwa: njoo uniinue, njoo unifungulie dirisha, njoo unitafutie meno. Naipenda kazi yangu, wazee wale nawapenda, lakini Lisbon nilikaa kwenye ngazi za mtaa fulani nikala samaki wa kukaanga kwa vidole mchana kweupe, na hakuna mtu duniani aliyetaka kitu kwangu. Nikiona kichochoro kizuri, naingia. Nikichoka, nakaa. Nilijisikia mwepesi, nikaanza kuimba pambio zako njiani.

Nikanogewa. Vienna niliingia chumba cha kifungua kinywa nikawasalimu watu meza kwa meza, kwa mkono, kama ulivyotufundisha. Mzee mmoja akasimama na kitambaa chake kifuani, akadhani mimi ndiye meneja, akanilalamikia yai lake kuwa bichi. Nikampa pole, nikaenda kumwitia mhudumu. Ningefanya nini?

Copenhagen ndiko nilikokukumbuka zaidi. Watu kule ni baiskeli tu, hata akina mama waliovaa sketi za kazini. Nikakodi moja, nyeusi, na miaka yangu hii arobaini na sita. Mara nikakuona wewe kwenye ile baiskeli yako, unakatiza shamba la mkonge kwenda shuleni, mimi nyuma nimekushika kiuno, Baba yuko mbali na kazi yake ya reli. Ulikuwa unaimba ili nisiogope. Na siku ile tuliyoanguka, mkono wangu wa kushoto ukavunjika, ulilia wewe kuliko mimi. Mkono ulipona, ila haukunyooka tena sawasawa, na hadi leo kila koti ninalonunua mkono wa kushoto hunifika kwenye vidole. Kule Copenhagen niliimba nikiendesha, na mwanamke aliyenipita akanipigia kengele. Nilifurahi kuliko siku nyingi sana za maisha yangu, na sikuweza kukuambia, kwa sababu kwenye hadithi niliyokupa nyuma yangu kulikuwa na Rose.

Hilo ndilo lililoniuma. Kila nikirudi nakupa nusu ya safari. Uliuliza, “Mbona Rose haonekani kwenye picha?” Nikasema ndiye mpiga picha. Halafu nikakutumia ile ya Roma niliyojipiga mwenyewe, na pembeni umetokeza mkono wa mpita njia. “Huu mkono ni wa nani?” Nikasema wa Rose. Ukasema, “Haya.” Wewe, uliyekamata watoto wakiigiliziana mtihani miaka thelathini, ukasema haya tu, tukahamia habari za mvua. Na Jumapili nikasikia umemtaja tena kwenye maombi kanisani. Niliona aibu, Mama. Mwenyewe alishahamia Glasgow kikazi na hajui kabisa kwamba amefika Roma.

Sasa Jumapili iliyopita tumepigiana simu ya video, ukanionyesha sweta ya rangi ya damu ya mzee unayomfumia Rose. Ukaniambia nisimame. “Geuka. Si ulisema mmelingana? Nyoosha mikono.” Nikanyoosha, mwongo mkubwa mimi, nimesimama katikati ya sebule nikipimiwa nguo ya mtu mwingine. Ukatazama, ukainua sindano zako, ukasema taratibu, “Mkono wa kushoto nimeupunguza kidogo.” Nikajibu, “Sawa, atafurahi.” Tukaagana.

Kesho yake nilikuwa ndani ya basi nikienda kazini ndipo nikang'amua. Rose mikono yake yote miwili ni mizima!

Mama. Tangu lini? Tangu ile picha? Au tangu Lisbon, ukawa unatuma majani ya chai hivyo hivyo, ili nisifike kwa watu mikono mitupu? Nililia, nikacheka, dereva akanitazama kwenye kioo, nikapitiliza kituo changu. Miaka yote nilidhani nakulinda wewe usiwe na wasiwasi, kumbe ulikuwa nao wote, ukaumeza, ukaniacha niende.

Kwa hiyo sikuandikii tena kwa kuogopa. Nakuandikia nikuombe msamaha kwa mdomo wangu mwenyewe, na kukuahidi kwamba ukifika nitakusimulia safari zote upya, nzima, pamoja na zile sehemu nilizopotea. Na tutasafiri, mimi na wewe. Nimeshakata tiketi mbili za treni kwenda Glasgow. Ukisimama mlangoni ukaniuliza tunaenda kwa nani, kwa mara ya kwanza nitakujibu kweli: tunaenda kwa Rose.

Yeye mletee majani ya chai. Sweta ni yangu.

Kitindamimba wako, aliyeanguka nawe kwenye mkonge,
Wakesho