Chumba cha Turubai Kinavuja

Jumapili, 4 Januari

Mvua ya robo saa tu, na zulia limelowa! Nimerudi kazini nikakuta dimbwi katikati ya chumba cha turubai, hatua mbili kutoka kwenye cherehani. Karavani yenyewe kavu. Kinachovuja ni hiki chumba kilichofungwa ubavuni mwake — jiko langu, sebule yangu, mahali pangu pa kuswalia. Miezi tisa sasa naishi humu, uani kwa kaka yangu Harub, hapa Sib, Omani. Alinipa kwa wiki moja.

Harub kaja na kikombe cha chai mkononi, katazama juu, kasema alinionya. Hakuwahi kunionya. Kasema pia kuna mtu wa Barka anaitaka karavani, na ghorofani kuna chumba kitupu karibu na cha Mama.

Nikamwambia nitaziba.

"Utaziba wewe?"

"Napima damu za watu kutwa nzima. Turubai litanishinda?"

Kacheka kwa pua, kaenda zake.

Jumatatu, 5 Januari

Nimepita sokoni kununua silikoni. Mwenye duka kauliza kama ni ya bafuni. Nikasema ndiyo, kufupisha maneno. Nimepaka mshono wote wa juu. Vidole vinanata hadi sasa, ukurasa huu umeharibika. Nimeridhika.

Jumanne, 6 Januari

Sikuridhika tena. Asubuhi turubai lina matone ndani, na mvua hakuna! Nikasimama na mswaki mdomoni, natazama tu.

Kumbe ni mvuke. Jana nilifunga zipu zote nikapika wali humu humu, nikachemsha na maji ya chai. Mvuke umepanda, umekuta turubai baridi, umegeuka maji. Huko si kuvuja. Dawa yake ni kuacha dirisha la wavu wazi, basi.

Vitu viwili vinafanana, kila kimoja na dawa yake. Maabara ningemkaripia mwanafunzi kwa kosa hilo.

Alhamisi, 8 Januari

Leo nimelipima turubai vizuri. Mama nimemkalisha ndani kwenye kiti, kazi yake kuangalia. Ana miaka themanini na moja, magoti yamemwacha lakini macho mazima. Mimi nje na mpira wa maji. Nimeanza chini nikapanda juu taratibu, ili nijue maji yanapoingilia. Chini — kavu. Zipu — kavu. Mshono — kavu, silikoni imeshika. Nikafika juu kabisa, pale ukingo wa turubai unapoingia kwenye reli ya alumini iliyofungwa ubavuni mwa karavani.

"Hapa! Hapa, mwanangu! Nnaoga huku!"

Turubai halina kosa. Maji yanapita nyuma ya reli. Gundi ya chini yake imekaushwa na jua, imepasukapasuka. Siku zote hizi nilikuwa naziba pasipovuja.

Mama, anajifuta uso na kanga, kasema Hisham kampigia Harub. Anakuja Ijumaa ya wiki ijayo baada ya swala.

"Kufanya nini?"

"Kukuchukua, nnavyosikia."

Kasema hivyo kama anayesema gesi imekwisha.

Hisham ni mume wangu. Miaka ishirini na tatu, nyumba Azaiba. Mwezi wa nne alinitumia ujumbe wa simu kwamba ameoa mke wa pili huko Salalah, na nisisahau kutoa nyama kwenye friza kwa sababu jioni ana wageni. Ujumbe mmoja, mambo mawili. Nikaitoa nyama. Kisha nikatoka mimi.

Ijumaa, 9 Januari

Nimefungua reli. Skrubu kumi na tisa, tatu zimeliwa na kutu hadi kichwa. Harub karudi msikitini kanikuta juu ya ngazi. Kasimama. Kisha kaishika ngazi bila kuombwa, na dishdasha yake nyeupe ya kuswalia.

"Hisham amejuta," kasema.

"Kakwambia?"

"Si lazima aseme. Nnamjua."

Wamesoma pamoja, wamekwenda Hija pamoja. Namwelewa Harub. Nikamwomba bisibisi, kanipa.

Jumamosi, 10 Januari

Kutwa nzima kukwangua. Kisu cha siagi kimekwisha kazi. Nimefuta kwa spiriti, nimebandika utepe mweusi wa kunata nyuma ya reli, skrubu mpya zisizoshika kutu, silikoni juu ya ukingo.

Halafu mpira wa maji, dakika kumi pale pale.

"Mama?"

"Kavu."

"Tazama vizuri."

"Kavu, nimeshakwambia! Nitoe, nimechoka kukaa."

Nikakaa chini kwenye saruji nikacheka peke yangu. Sijui lini mara ya mwisho.

Jumanne, 13 Januari

Redio imetangaza munkhafadh. Mvua kubwa na upepo, Alhamisi usiku hadi Jumamosi. Mke wa Harub kaenda na watoto Nizwa kwa wazee wake kabla barabara hazijafunga. Harub kaniambia nihamie ndani. Nimekataa. Kasema turubai si nyumba. Nikamwambia najua, ndiyo maana naliziba.

Jambo jingine. Saa ya chakula cha mchana nimekwenda mahakamani. Nimeomba khului — nimrudishie Hisham mahari yake, aniache. Karani kauliza sababu. Nikamwonyesha ule ujumbe. Kausoma mara mbili.

"Nyama?" kauliza.

Nikasema ndiyo, nyama. Kaandika kitu, sikuona nini.

Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 16 Januari, baada ya swala

Reli imeshika! Tangu alfajiri mvua haijakatika na hata tone moja halijapita pale.

Lakini upepo umeng'oa nguzo ya katikati. Paa la turubai limeshuka tumbo, maji yamejaa juu yake. Ukilisukuma yanamwagika, ukiliacha linajaa tena. Nilikuwa nimelibeba kwa kichwa na mikono miwili, nafikiri sasa ndiyo basi. Harub kaingia peku, dishdasha kaifunga kiunoni. Kaisimamisha nguzo, kaing'ang'ania kwa mikono yote miwili. Mimi nasukuma maji kwa ufagio.

Kisha kasema Hisham yuko njiani, hata mvua haikumzuia. Kasema kwa kumsifu.

Nikamwambia. "Jumanne nimekwenda mahakamani. Nimeomba khului."

Kageuka kunitazama, nguzo ikayumba, maji yakamwagika mlangoni.

"Mbona hukunambia?"

"Ungempigia simu."

Angempigia, na anajua.

"Siku ile alipokutumia ujumbe," kasema baadaye, "alikuwa amekaa nami. Alinambia anaandika habari ya nyama."

Nikalisukuma paa kwa ufagio, maji yakamwagika.

Kasema nikalete kamba tuifunge nguzo, mikono inamfa ganzi. Nimeingia karavani. Kamba nimeipata. Nimekaa kidogo, daftari lilikuwa kitandani, nikaandika haya.

Honi getini. Ni gari la Hisham, naijua sauti yake. Geti limefungwa kwa ndani. Mama hawezi kushuka ngazi peke yake. Harub hawezi kuachia nguzo.

Honi tena.

Harub ananiita, nifanye haraka. Nimemuuliza kwa sauti nifanye haraka nini — geti au kamba?

Mvua tu.

Honi.

"Kamba," kasema.