Pakiti Tatu Juu ya Kabati Lako

Baba yangu,

Nilipokuwa nakusanya nguo zako, juu ya kabati nilikuta pakiti tatu za kupimia choo, zile hospitali inazowatumia wazee kwa posta kutafuta saratani ya utumbo, zote hazijafunguliwa. Nikakaa kitandani kwako nikazitazama. Nikakumbuka ya kwanza ilipoletwa, ulivyoishika kwa vidole viwili ukasema, "Mimi, mtu mzima, nikapeleke choo changu posta?" Tulicheka sana. Nilidhani baadaye uliituma.

Mimi ninayewaogesha wazee wa watu kila siku kazini, baba yangu sikukuuliza kama uliituma. Na wewe ulipoanza kuona damu ulinificha, ukasema ni bawasiri. Saratani ya utumbo ilipojulikana, ilikuwa imeshafika kwenye ini. Nilikukasirikia, Baba. Hasira imekwisha. Nisamehe na mimi.

Sasa nikupe habari. Baada ya hitima yako nilikwenda Edgware Road, kwenye mkahawa wenu wa Jumamosi. Wenzako walikuwepo, na mdogo wako, Ami Salim. Nikaweka pakiti yako moja mezani, kando ya vikombe vya kahawa, nikawaeleza yote: kijiti kinavyochovywa, kichupa kinavyofungwa, bahasha inavyotumwa. Mmoja akajitia anasoma simu. Ami akaninong'oneza, "Mwanangu, tunaona haya."

"Baba naye aliona haya, Ami," nikamwambia. "Nimemzika."

Ami alikuwa na yake nyumbani. Wiki ile ile akaituma. Jibu likaja kwamba kuna damu isiyoonekana kwa macho, akaitwa hospitali, nikafuatana naye. Walimkuta na vijinyama viwili kwenye utumbo, wakavitoa kabla havijageuka saratani. Juzi amekula kwangu sahani mbili za pilau, akaulizia achari.

Siku hizi wenzako wananipigia wenyewe. Wanaanza na baridi, wanahamia kwenye mpira, nami nangoja tu, najua watafika kwenye pakiti. Kuna aliyeniambia mkewe ndiye aliyembonyezea namba yangu. Sawa, mradi amepiga.

Jumatatu nakwenda Stratford, kwenye chumba cha mapumziko cha madereva wenzako wa basi. Ami anakuja nami, na anataka aanze yeye kusema. Nimemwachia.

Pumzika, Baba, Mungu akurehemu. Nakuahidi nitawauliza mmoja mmoja, uso kwa uso, kama ametuma pakiti yake, na sitamwonea haya yeyote.

Mwanao,
Zuhura