Matlai Nyaramba

Dada Rukia mpenzi,

Pokea salamu za baridi ya Nyaramba. Uliniuliza maana ya matlai, upepo mwanana ambao washairi wetu huusifu. Asili yake ni Kiarabu, mahali jua linapochomoza, na leo Ijumaa nimeuona ukifanya kazi.

Mwenyeji wangu, Mama Kerubo, ni Msabato. Wimbi, yaani ulezi, la uji wa wageni wake wa kesho lilipaswa kupepetwa, kusagwa na kupikwa kabla jua halijatua na Sabato kuanza, na hapa mvua huletwa na upepo wa ziwani kila alasiri. Asubuhi hewa ilikuwa imetulia kabisa. Nilipomweleza neno letu, alisema, "Basi liite hilo jina, mwalimu, lije. Mkono umechoka kushika ungo."

Hatimaye migomba ya mashariki ikatikisika. Akaanza kumwaga wimbi polepole, nami nikasimama upande upepo unakoelekea.

"Toka huko, utakula makapi."

Sikutoka, kwa kuwa nilitaka kuthibitisha mwelekeo. Makapi yalinijaa ndevuni, wimbi likaanguka safi kwenye turubai, na ngurumo ya kwanza ilikuta uji umeshaiva.

Najiuliza sasa: aliyeupa upepo huu jina alikuwa mshairi, au mwenye nafaka uani?

Mungu akupe asubuhi za namna hii, wewe na wanao.

Kaka yako,
Athumani