Fimbo ya Shaba Nyuma ya Jiko

Igogo, Mwanza
14 Juni 2026

Mpendwa mdogo wangu Shimba,

Habari za Oslo na baridi yake? Sisi hatujambo. Mama ni mzima, ila magoti yanamsumbua akishuka mlimani kwenda sokoni. Shikamoo yako ameipokea, anasema marahaba, na anauliza kama huko unakula ugali. Barua hii ameitaka yeye. Anasema maneno ya simu hayashikiki.

Hayawi hayawi, gari la umeme ulilomnunulia limefika salama kutoka bandarini Dar. Halina sauti kabisa, majirani wanauliza kama tunalisukuma. Sasa nikueleze habari ya chaja, maana uliniachia mimi nichague.

Ile kubwa uliyoipenda wewe haifai. Inataka umeme wa fezi tatu, na nyumba yetu ina fezi moja tangu enzi za baba. Ile ndogo ya kuchomeka kwenye soketi nayo nimeikataa. Tuliijaribu mara moja, soketi ya sebuleni ikapata moto mpaka plagi ikanuka. Nimechukua ya kati, ya kilowati saba, ya kufunga ukutani. Ina waya wake mnene peke yake kutoka kwenye meinswichi, na inapunguzwa nguvu wapangaji wakiwa wanapika.

Kazi ilikuwa kwenye ethi. Fundi Chenge alisema chaja haifungwi bila fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, ili umeme ukivuja ushuke chini usimpige mtu. Mimi kwa ujuaji wangu nikamwonyesha pale getini. Nilisahau kwamba Igogo tumejenga juu ya jabali. Fimbo ilipinda kama msumari. Akajaribu upande wa pili, yakawa yale yale.

Udongo wa maana uko sehemu moja tu, nyuma ya jiko. Unapajua. Ndipo bibi alipozika kitovu chako, na mama hajawahi kuruhusu hata jembe lipaguse. Niliogopa kumwambia, Chenge akaanza kukusanya vifaa vyake.

Mama akatoka mwenyewe na mkongojo, akachora mstari.

“Kitovu cha Shimba kiko huku. Ninyi pigilieni huko, na msivuke.”

Chenge alipigilia taratibu, fimbo ikazama yote. Nililia, sikufichi.

Sasa kila asubuhi gari limejaa umeme. Nilidhani mama atataka kwenda Sengerema kumwona mama mdogo Tereza, ambaye amelazwa tena. Daraja lipo, hakuna tena kusubiri kivuko. Shemeji yako Masele alishapiga pasi shati la udereva. Mama amekataa kupanda. Anasema gari ameliona, mwenye gari hajamwona, na safari ya kwanza utamwendesha wewe.

Nimemweleza kwamba likizo zenu huko hamjipangii. Amenijibu kwamba hata Tereza hajipangii.

Kwa hiyo nakuomba kama dada yako, uje. Mimi pia nimekukumbuka sana.

Msalimie Winnie na watoto. Masele anakusalimu, na Rose wa Nyakato anasema usisahau zawadi yake. Mungu akufungulie njia na akulinde angani hadi utue mikononi mwetu.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Gladness